Mifupa Mia Mbili na Sita

Mama Syombua wa kibandani alilipakata boga,
akaligonga kwa kidole, akasikiliza.
"Mtoto ana miezi mingapi?"
Ana miaka minane, nikamwambia, na meno yake anayo,
isipokuwa la mbele, liling'oka Jumanne.
"Sasa boga la nini?"
La kutobolewa macho, liwashwe mshumaa ndani.
Alinitazama.
Kisha akanipunguzia shilingi ishirini,
kama mtu anayemchangia mgonjwa.

Kwenye kundi la simu la mtaa wetu, hapa Imara Daima,
ujumbe ulikuwa umefika arubaini na moja.
Anayetaka wageni afunge utepe wa rangi ya machungwa getini.
Nyumba ya kumi na nne msibonyeze kengele, mbwa hajui utani.
Mchungaji wa nyumba ya tatu anauliza, kwa upole,
kama jambo hili tumeliombea.
Soja Ekidor ameshaambiwa:
ukiona zimwi linalokufika kiunoni, usipige filimbi.

Mghoi ni popo.
Mwavuli uliovunjwa na mvua ya juzi
nimeupasua katikati, ukawa mabawa,
na njiti moja bado inachoma.
Nimeivisha kizibo cha kalamu.

Mwakio anataka kuwa mifupa.
Suti nyeusi ya michezo, kiwi nyeupe ya raba,
nami nimepiga magoti sakafuni kama fundi wa vigae
nikichora mbavu juu ya mtoto anayetekenyeka.
"Baba, mwalimu alisema ni mia mbili na sita.
Umechora thelathini na moja."
Zilizobaki ziko ndani. Hizo usizipoteze.

Simu kutoka Wundanyi. Mama yangu.
Mikono ina kiwi, nikaibonyeza kwa kiwiko.
Watoto wakamweleza wote kwa pamoja:
tutabisha milango, tutatisha watu, watatupa pipi!
Kimya. Nilisikia kuku wake.
"Mnavaa wafu," akasema,
"halafu mnaomba chakula."
Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayekagua risiti.

Nilikuwa na umri wa Mwakio
babu aliponipandisha hadi kwenye jabali.
Chini yake mafuvu, yamepangwa kwa mstari,
na majani makavu yameingia pale palipokuwa macho.
"Piga shikamoo," akasema. Nikapiga.
Baba yako ni yupi?
"Huyo asiye na jino la mbele."
Tukamwaga mbangara kidogo, tukashuka.
Siku hiyo hakuna aliyetupa kitu.
Sisi ndio tuliopeleka.

Haya nimeyafikiria nikikwangua boga kwa kijiko.
Nyama yake iko jikoni na maharagwe,
maana kutupa chakula ndicho kituko pekee
ambacho mama yangu hatanisamehe.

Mazoezi ya mwisho, sebuleni.
Semeni. "Pipi ama vituko!"
Hamvuki barabara bila mimi.
Mkipewa, asante, hata kama wewe ni maiti.
Mkinyimwa, asante.
Kwa Mama Atamba mtabisha taratibu;
amefiwa Agosti, lakini utepe ameufunga mwenyewe,
fundo mbili. Nimepita nikaona.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini
stima ikapotea, kama kawaida yake kukiwa na mawingu.
Mghoi akapiga yowe la furaha.
Boga likabaki linawaka peke yake mezani,
na mbele yake, bila mwili, bila mtoto,
mbavu thelathini na moja, na juu yake
tabasamu lenye pengo.

"Shikamoo," nikasema.
Ilinitoka tu.

"Marahaba," gizani, kwa sauti nzito ya kuigiza.
Halafu kicheko. Halafu: "Baba, kamba ya kiatu."

Nikapiga magoti tena, nikaipapasa.
Mifupa nayo hujikwaa.
Nimefunga fundo mbili,
na ndipo nikakumbuka kwamba getini kwetu
sijafunga utepe wowote.